Ndege Aliyeingia Sufuriani

Mamasera, watawa wa misheni yetu, walinifunga mkono wa kushoto kwa kitambaa miaka miwili mizima, ili nijifunze kushona kwa ule mwingine, ambao wao waliuita mkono wa adabu. Kila waliponifungua, sindano ilirudi kushoto. Mwishowe walichoka wao, si mimi, nikatoka kwenye darasa lao la ushonaji nikiwa fundi wa kushoto, tena fundi kuliko wenzangu wote. Nasema hivyo bila haya. Walioweza kunibishia wamekwisha kutangulia.

Naanza na mkono huo kwa sababu ndio ulionipeleka mtaa wa Nguba. Ilikuwa katika ile miaka ya hamsini, mji wetu ulipokuwa umerudishiwa jina lake la Bukavu na barua bado zinakuja na jina la zamani. Mzungu mmoja alifika kwa mamasera kuuliza kama wana mtu wa mkono mwepesi, anayeweza kushona kitu laini kuliko hariri bila kukipasua. Tulimwita Daktari, lakini hakuwa daktari wa sindano. Wagonjwa wake wote walikuwa wamekwisha kufa, na wengi wao walikuwa na manyoya. Alitunza nyumba ya ndege na wanyama waliokaushwa, karibu na ziwa. Mbele palikuwa na ukumbi wa vioo ambamo wanafunzi na wakubwa walikuja kutazama, na nyuma palikuwa na vyumba vya kazi ambamo hakuna aliyeingia isipokuwa sisi. Masera mkubwa alinisukuma mbele huku akinung'unika kwamba nina kasoro moja. Daktari alipoambiwa ni kasoro gani, alicheka na kusema ndege hawatajali.

Nyumbani Bagira, mama alilia. Watu walikwisha kuiita nyumba ile nyumba ya mizoga, na yeye alidhani nakwenda kuosha maiti. Nilimweleza kwamba ni ndege tu. Akasema ndege wa kushonwa ni ndege wa wachawi. Nikaenda hivyo hivyo, asubuhi ya Jumatatu, juu ya lori la wafanyakazi, nimevaa kitenge changu cha kanisani kama mtu anayekwenda komunyo.

Sijasahau droo ya kwanza niliyofunguliwa. Nilipiga kelele, kelele kabisa, mpaka Daktari akachungulia mlangoni. Ndege zaidi ya thelathini walilala chali, mstari kwa mstari, mabawa yamebanwa, miguu imepishanishwa, wote wanatazama upande mmoja. Nilikuwa nimezaliwa kwenye milima ya Kabare na nilijua ndege kama kila mtu anavyowajua, yaani kitu kinachopita. Hapa hawakupita. Ungeweza kuinama na kuona kwamba weusi wa bawa hili si weusi, ni buluu iliyojificha, na kwamba chini ya koo la huyu kuna unyoya mmoja wa manjano ambao hata mwenyewe hajawahi kuuona. Chumba kilinuka naftalini hadi machozi yakanitoka, na sikujua ni naftalini au ni furaha. Nilitaka kufungua droo zote siku hiyo hiyo.

Aliyenifungulia alikuwa mzee wa Shabunda, mkubwa wa watengenezaji wote wa ngozi. Kabla ya kazi hii alikuwa mwindaji, na kabla ya Daktari kuwa na vitabu vyake, mzee alikuwa na msitu wake kichwani. Alijua kila ndege analala wapi, analia saa ngapi na anaogopa nini. Hakujua kusoma wala kuandika. Mwenzake pale mezani alikuwa mwanamume mmoja wa Bagira aliyewahi kumsaidia padri kufundisha katekisimu, basi sisi tulimwita Katekista, na jina likamganda. Huyo ndiye aliyeandika. Sasa tukawa watatu.

Kazi yenyewe nitaieleza kidogo, maana bila hiyo hutaelewa balaa langu. Ndege akiletwa na mtegaji, unamlaza chali, unatenganisha manyoya ya tumbo, unapasua ngozi tu, bila kugusa nyama. Kisha unamvua. Sina neno lingine. Unamvua kama unavyomvua mtoto gauni linalombana, polepole, ndani ikiwa nje, ukikata miguu kwenye goti, mabawa kwenye mfupa wa juu, na shingo karibu na kichwa, ili kichwa kibaki na ngozi. Unga wa mahindi unanyunyiza kila mara ili damu isichafue manyoya. Ukimaliza una vitu viwili: ngozi upande mmoja, na upande mwingine kiwiliwili kidogo chekundu kisicho na kichwa. Ngozi unaipaka ndani sabuni ya sumu ili wadudu wasiile, unajaza pamba, unashona, unafunga etiketi mguuni.

Etiketi ndiyo iliyokuwa dini ya nyumba ile. Ni kikaratasi kidogo, kirefu kama kidole, lakini juu yake yaliandikwa mahali ndege alipopatikana, siku, rangi ya macho yake kabla hayajafifia, kilichokutwa tumboni, na kama ni dume au jike. Hata ngozi iwe nzuri namna gani, bila etiketi Daktari aliitupa. Nilimwona akitupa kware aliyeshonwa vizuri mno kwa sababu hakuna aliyekumbuka alitoka mlima gani, na mimi niliumwa na moyo kutwa nzima.

Hilo la dume na jike mzee alinifundisha mwenyewe. Kwa manyoya unaweza kudanganyika. Unafungua kiwiliwili, unasogeza matumbo, unatazama kwenye uti wa mgongo karibu na figo. Dume ana vitu viwili kama punje za maharage, kulia na kushoto. Jike ana punje za mayai, nyingi, ndogo ndogo, zimekusanyika, na zipo upande wa kushoto tu. Nilimwomba arudie. Upande wa kushoto tu, akasema, kila ndege jike, tangu Mungu alipoanza. Nilicheka mpaka Katekista akaudhika. Nilifikiria mamasera na kitambaa chao.

Na sasa sufuria. Nyama ya ndege hawa haikutupwa. Njiwa, kanga, kware, na hata wadogo wadogo, wote walikwenda nyuma ya nyumba, kwenye mafiga matatu, wakapikwa na chumvi na pilipili, na saa sita tulikula na bugali. Daktari alijua, na mara nyingine alituma sahani yake. Ijumaa sufuria ilipumzika, kwa ajili ya kanisa. Kwa siku nyingine mzee alikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyethubutu kuivunja: nyama yote iondoke mezani kabla kopo la sabuni ya sumu halijafunguliwa. Mpangilio ulikuwa vua, fungua tumbo, tazama, andika, peleka nyama sufuriani, nawa, fungua kopo. Niliukariri kama Salamu Maria.

Katika droo ya nane walikuwepo ndege tisa wa msitu wa Kahuzi, kila mmoja kadiri ya ngumi yangu, kijani mgongoni, wekundu tumboni. Wote tisa madume. Jike lao halikuwepo, wala Daktari hakuwa amepata kuliona. Mzee alikuwa amekwisha kumwambia mara nyingi kwamba jike ni yule wa kahawia, anayekaa kimya kwenye matawi ya chini, ambaye wategaji huwa hawamwoni. Daktari alisema yule wa kahawia, ikiwa yupo, huenda ni ndege wa aina nyingine, au kinda. Alisema kwa upole, lakini alitabasamu, na tabasamu lile mzee alilijua. Ni tabasamu analopewa mtu anayesimulia ngano.

Mwaka huo mikono ya mzee ilianza kutetemeka. Aliificha chini ya aproni, akajipa kazi ya kukagua droo, akaniachia mimi ndege wadogo wote wanaotaka mkono uliotulia. Daktari hakuwa kipofu. Ikaamuliwa, kwa heshima na mkono wa kwaheri, kwamba kiangazi kikiisha mzee atarudi Shabunda kwa watoto wake. Aliongeza tu kuwasumbua wategaji kuhusu ndege wa kahawia.

Jumamosi moja asubuhi mtegaji akashuka kutoka Kahuzi, akafungua jani la mgomba juu ya meza yetu. Alikuwa yeye. Mgongo wa kahawia, tumbo lenye wekundu hafifu kama doa la chai, na mdomo ule ule wa wale tisa wa droo ya nane. Mzee alimshika, akamgeuza huku na huku. Kisha akaniambia, taratibu, akitazama ndege na si mimi:

"Huyu njo bibi yake. Nilibaonaka bote mbili mu shimo moja ya muti. Daktari anasafiri kesho kutwa, siku ya kwanza, ataenda na sanduku yake kule ngambo, na miye nitaenda kwetu. Weye njo utamuvua, mama. Mikono yangu haina tena mikono."

Mimi. Miezi mitatu pale, ndege arobaini mkononi, na ananipa huyu, mke wa wale tisa. Hakuna ndege niliyewahi kumvua vile. Ngozi yake ilikuwa nyembamba kama ngozi ya kitunguu, na kwenye kiuno ilitaka kupasuka mara mbili, na mara mbili mkono wa kushoto ulijua la kufanya kabla yangu. Mzee alikuwa amekwenda ukumbini kumtafuta Daktari. Katekista mezani kwake alikuwa na ndege wa ukubwa ule ule, wa kawaida tu, pamoja na njiwa wawili wa kuvua. Nilikata goti, nikakata goti la pili, nikakata mabawa, nikavuta ngozi juu ya kichwa mpaka machoni, nikakata shingo. Hakuna tone la damu kwenye manyoya. Hakuna unyoya hata mmoja uliong'oka. Niliinua ile ngozi kwenye dirisha, mwanga wa ziwa ukapita ndani yake, nikaimba. Kweli niliimba, wimbo wa harusi wa kwetu.

Katekista alikuwa anakusanya nyama. Aliuliza kama nimemaliza. Nikasema nimemaliza, nikamtupia kiwiliwili kwenye beseni lake bila hata kugeuza kichwa, nikanawa, nikafungua kopo la sabuni. Nilifuata sheria ya mzee, nyama kwanza, sumu baadaye. Niliruka hatua tatu tu katikati.

Nilipaka sabuni. Nilifunga pamba machoni. Nilikuwa nachonga kijiti cha kushikilia shingo, saa moja baadaye labda, mzee alipoingia na kusema Daktari anakuja baada ya kumaliza barua. Akaitazama ngozi. Sijawahi kuona uso wa mtu ukifunguka vile. Akagusa unyoya wa mkia kwa ncha ya kidole kinachotetemeka, akasema hata yeye katika siku zake asingemvua hivi. Kisha akashika etiketi. Hakujua kusoma, lakini nafasi iliyo wazi aliijua.

"Uliangalia mu tumbo?" akauliza.

Nikageuka kutazama meza, kama kwamba kiwiliwili kingekuwa kimerudi chenyewe. Palikuwa na unga wa mahindi na mkasi.

"Nilisahabu, Papa," nikasema. "Iko mu sufuria."

Angenipiga ningeshukuru. Hakunipiga, hakupaza sauti. Alikaa kwenye kiti kidogo, mikono juu ya magoti, na sasa hakuificha, ikatetemeka yote miwili mbele yangu. Niliona wazi nilichokifanya. Ndege mmoja, baada ya miaka yote ile ya kusema, na mimi nimempika. Daktari angeitazama ngozi, angeona nafasi wazi kwenye etiketi, angetabasamu, na ndege angewekwa kwenye droo ya wasiojulikana. Mzee angepanda lori la Shabunda akiwa msimulia ngano mpaka mwisho wa siku zake. Sikulia. Nilikasirika, nikajikasirikia mwenyewe kwa hasira ambayo ilinipa miguu, nikatoka mbio.

Nyuma ya nyumba sufuria ilikuwa imekwisha kuepuliwa. Katekista alikuwa amekwisha kujipakulia. Sahani ipo magotini, bugali unatoa mvuke, na juu yake kiwiliwili kimoja kidogo. Jana yake ilikuwa Ijumaa, hakuonja nyama, na njaa ilimkaa machoni. Lakini macho yalikuwa yamefumbwa. Alikuwa anasali. Sala za Katekista kabla ya chakula zilikuwa ndefu kuliko chakula chenyewe. Aliwaombea wazazi, marehemu, maaskofu, wasafiri wa ziwani, na siku hizo zote nilizokaa naye nilikuwa nimemchukia kwa sala zile, nikimwambia Mungu amekwisha kusikia, kula. Siku hiyo alikuwa amefika kwa wasafiri.

"Yaya," nikasema, kama tunavyomwita kaka kwetu, "usikule ile."

Hakufumbua macho. Alimaliza wasafiri kwanza. Mimi nilikuwa nimekwisha kuingiza mkono sufuriani, nikaungua, nikatumia kijiko. Mlikuwa na njiwa wawili, sina shida nao, wakubwa mno. Na kiwiliwili kimoja kidogo. Nikakitoa, nikakipuliza. Viwili basi, kimoja kijikoni na kimoja kwenye sahani ya Katekista, vya ukubwa mmoja, vyote vimepikwa, vyote havina kichwa. Kimoja ni ndege wake wa kawaida, kimoja ni bibi wa droo ya nane. Mzee alikuwa amenifuata, amesimama mlangoni. Aliviona viwili, akatikisa kichwa, kwa sababu hata yeye mwenye msitu kichwani hakuweza kuvitofautisha.

Mimi niliweza. Mkasi ukikata mfupa, mkato haunyooki. Unalala. Kwa Katekista na kwa mzee, na kwa kila aliyepata kukaa kwenye meza ile, ulilala upande mmoja. Wangu ulilala upande wa pili, na mzee alikuwa amenichokoza kwa hilo tangu wiki ya kwanza, akisema ndege wangu wote wamekatwa na mtu aliyesimama nyuma ya kioo. Nikatazama shingo ya kile cha kijikoni. Mkato wa Katekista. Nikanyakua kile cha kwenye sahani, pamoja na bugali ulioking'ang'ania. Shingo, kushoto. Bawa, kushoto. Bawa la pili, kushoto.

Niliruka. Sioni aibu kusema niliruka, na kitenge kikalegea, na Katekista akafumbua macho kwa Amina akaniona nacheza na chakula chake.

Alikuwa ametoa matumbo kabla ya kupika, bahati ni kwamba anayatoa kivivu, kwa kidole kimoja, na kinachoshika mgongoni kinabaki mgongoni. Kuku wangapi nimewapasua maishani mwangu. Yeyote aliyepika kuku wa mayai anajua kwamba moto hauyaondoi yale mayai machanga, unayakaza, yanakuwa ya manjano, unayaona vizuri kuliko yakiwa mabichi. Nilirudi mezani, nikakifungua kwa ncha ya mkasi, taratibu kuliko nilivyowahi kufanya kitu chochote. Kulia kwa uti wa mgongo, figo tu. Kushoto, karibu na figo, fungu la punje ndogo za manjano, moja kubwa kuliko wenzake, kadiri ya punje ya mtama: jike mzima, si kinda.

Daktari aliingia wakati huo huo. Chumba kilinuka pilipili. Alitazama ngozi kwanza, na uso wake ukabadilika, akainama juu yake muda mrefu. Kisha akauliza kuhusu dume au jike, na ikabidi niseme. Nilisema yote, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa cha mamasera pale Kiswahili kiliponikimbia: kopo, beseni, sufuria, sahani, sala. Katekista alithibitisha sala. Daktari hakucheka. Aliuliza swali baya kuliko yote, lile nililoliogopa, kwamba anajuaje kiwiliwili hiki kilitoka katika ngozi hii.

Nilimwonyesha mkono wangu wa kushoto. Nikamwonyesha mikato. Yeye alikuwa mtu wa kutaka kuona, basi alichukua ngozi, ambayo ilikuwa bado haijashonwa, akatafuta ndani ya bawa kile kipande cha mfupa kinachobaki, akakisogeza karibu na mfupa wa kiwiliwili kilichopikwa. Mkato uliungana na mkato. Akajaribu na bawa la pili. Ukaungana. Kisha akaenda kwenye sahani ya Katekista, nilikokiacha kile kingine, akakichukua, akakijaribu pia, kwa haki. Hakikuungana.

Alichukua kioo cha kukuzia. Alitazama mgongoni, nasi tulisimama kama watu wanaongoja matokeo ya hospitali. Nje lori lilipita likielekea mjini, na kelele zake zikaisha kabla hajainua kichwa. Alisogea pembeni, akamwita mzee, akampa kioo. Mkono wa mzee ulitetemeka mno, kioo kikaenda huku na huku, basi nikakishika mimi juu ya ndege, naye akainama na mikono nyuma.

"Iko ya upande moja tu," akasema.

Daktari akasema ndiyo, upande mmoja tu. Akakaa, akachukua etiketi na kalamu yake ya wino, akachora ile alama ya jike, duara lenye msalaba mdogo chini. Nilipumua. Kisha kalamu ikaendelea. Nikainama kusoma, nikaona anaandika kwamba jinsia imetambuliwa baada ya kiwiliwili kupikwa. Damu ilinipanda. Nilimwomba asiandike hilo. Nilimwambia watu wa ng'ambo watacheka, watasema huko Bukavu wanakula makusanyo yao. Nilimwambia alama inatosha, alama ni kweli. Hasira yangu imenigharimu mengi maishani, na siku hiyo ilisema na Mzungu kama inavyosema na muuza samaki.

"Etiketi inasema kweli yote," akasema kwa Kiswahili chake cha kuvunjika. "Hata ile ya haya."

Akaandika mpaka mwisho. Kisha akaigeuza etiketi. Upande wa nyuma huwa hauandikwi kitu, na upande wa mbele, pale pa mkusanyaji, lilikuwa limechapwa jina lake yeye, kama kwenye etiketi zote za nyumba ile. Akanisogezea kalamu, akasema niandike nyuma nani alitambua kwamba ndege huyu ni jike la wale tisa, kabla ya kupatikana. Niandike mimi, kwa sababu mwandiko wa Katekista ni mkubwa na hautatosha.

Nikaichukua kalamu kwa mkono wa kushoto. Sikuwahi kuandika na mkono huo mbele ya mkubwa yeyote bila kusubiri rula ya mamasera. Nikaandika jina la mzee, lote, na la baba yake, kwa herufi ndogo kadiri nilivyoweza, na nikapuliza wino mpaka ukakauka.

Kiwiliwili hakikurudi kwenye sahani. Kilitiwa katika chupa ya spiriti, na chupa ikapewa namba ile ile ya ngozi, na ni chupa pekee katika nyumba ile iliyokuwa na chumvi ndani yake. Jumatatu ngozi ikasafiri na Daktari, ikarudi baada ya miezi, ikalala kwenye droo ya nane pamoja na waume zake tisa. Mimi nilikaa kwenye meza ile miaka mingi baada ya hapo, na kila mgeni mpya niliyemfundisha nilimfungulia droo hiyo kwanza, nikamgeuzia etiketi. Lakini hayo ni ya baadaye. Jumamosi ile mzee alikuwa bado ameshika etiketi mkononi, upande wa mbele. Jina lake la nyuma nilikuwa nimekwisha kumsomea mara mbili. Akaweka kidole kwenye lile duara lenye msalaba, akaniuliza hii nayo inasema nini.

Nikamwambia inasema ni bibi yake.

Mzee akanirudishia etiketi, akafungua kamba za aproni yake, akatoka kwenda kutafuta bugali kabla haujapoa.

"Njo ile nilikuwa nasema," akasema.